Maneno ya Mwarabu, Mwendo wa Mwajemi

Mtu anayezungumza Kiswahili akiamka Bertrams, mashariki kidogo ya katikati ya jiji la Johannesburg, hupiga mswaki, hufungua dirisha kuona hali ya hewa, hunywa chai, kisha huitupia saa jicho kabla ya kutoka. Hata mlango hajaufunga, na tayari amepita katika lugha mbili ambazo huenda hajawahi kukaa darasani kuzisoma. Mswaki, hali, hewa na saa ni maneno ya Kiarabu. Dirisha ni mtoto wa dariche, neno la Kiajemi lenye maana ya kilango kidogo, na chai mtu akiiagiza Tehran kwa jina hilo hilo ataletewa.

Kwa hiyo mtu mzima wa Kiswahili anapotamani kujifunza lugha moja ya Mashariki ya Kati, na muda alio nao ni ule wa baada ya kazi, swali la Kiarabu au Kiajemi halimkuti mikono mitupu. Ana mtaji. Ila mtaji wenyewe umegawanyika kwa namna ambayo vitabu vingi vya mafunzo, vilivyoandikwa kwa ajili ya wenye Kiingereza, havina habari nayo. Kwa Mwarabu amerithi maneno. Kwa Mwajemi anafanana mwendo.

Mtaa uliozoea lugha

Bertrams ilipimwa viwanja mwaka 1889, miaka mitatu tu baada ya dhahabu kugunduliwa Witwatersrand, ikaitwa kwa jina la mtu aliyeianzisha, Robertson Fuller Bertram. Jirani yake ni uwanja wa Ellis Park, ule ambapo Afrika Kusini ilitwaa Kombe la Dunia la raga tarehe 24 Juni 1995. Wakazi wake wamekuwa wakipokezana. Mwanzoni mwa karne ya 20, Kiyidishi cha Wayahudi wa Ulaya Mashariki kilisikika pande hizi, hasa Doornfontein. Miaka ya 1930 manispaa ilitumia sheria ya makazi duni ya 1934 kuwahamisha watu weusi waliokuwa wakiishi hapo bega kwa bega na wengine. Baadaye wakaja Wareno, na baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka mwaka 1994, wakaingia watu wa Kongo, Zimbabwe, Malawi, Msumbiji na Nigeria. Leo anayetembea Derby Road au Bertrams Road huweza kusikia Kizulu, Kishona, Kilingala, Kifaransa, na Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi, kabla hajafika dukani.

Katika nchi hii Kiarabu kina cheo rasmi cha aina yake. Kifungu cha 6 cha Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 kinakitaja kwa jina, pamoja na Kiebrania na Kisanskriti, miongoni mwa lugha za ibada zinazopaswa kukuzwa na kuheshimiwa. Kiajemi hakimo kwenye orodha. Kiswahili nacho hakimo, ingawa Septemba 2018 waziri wa elimu ya msingi, Angie Motshekga, alitangaza kwamba kingeruhusiwa kuwa somo la hiari shuleni kuanzia 2020.

Tena Kiarabu kina mizizi ya zamani huku kusini. Waislamu wa Cape waliandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu katika karne ya 19. Kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa Cape na dola ya Uthmaniya, kilichapwa Istanbul mwaka 1877 kwa hati hiyo, na leo wanaisimu hukichungulia ili kujua Kiafrikana cha siku zile kilitamkwaje. Durban nako, kuanzia 1873, walishushwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, wakaitwa Wazanzibari. Wajukuu zao wangalipo, na dini yao ndiyo iliyowashikisha juzuu.

Mali iliyo mdomoni

Anayeanza Kiarabu akiwa na Kiswahili kichwani hugundua wiki ya kwanza kwamba kamusi ameimeza nusu bila kujua. Chukua herufi tatu: h, k, m. Kiarabu hujenga maneno kwa kuzichukua herufi kama hizo na kuzipitisha katika ruwaza mbalimbali. Mswahili anayo tayari mazao manne ya shina hilo: hukumu, hakimu, mahakama, hekima. Kwenye k, t, b anayo kitabu, katibu, maktaba na mkataba. Kwenye shina la elimu anayo pia mwalimu, maalumu na taaluma. Mwingereza hulazimika kuyakariri haya moja moja kama namba za simu. Mswahili kazi yake ni kuona kwamba watoto anaowajua siku zote ni wa baba mmoja.

Hata wazo lenyewe la kunyumbua si geni kwake. Kiswahili hutoka kwenye soma kikapata somesha, someka, somewa, kwa kuongeza mkia. Kiarabu hufanya kazi hiyo ndani ya tumbo la neno: alima ni kujua, allama ni kufundisha, taallama ni kujifunza. Mwalimu akimwambia mwanafunzi wa Bertrams kwamba allama ni sawa na kuweka “-sha”, somo limeisha kwa dakika tano.

Mitego ipo. Karibu kwa Kiarabu ni “jirani na hapa”, si maneno ya kumpokea mgeni. Anayebisha hodi Muscat ataambiwa tafaddal, ambayo ndiyo tafadhali yetu ikiwa kazini kwingine. Irabu, ambazo kwetu ni a, e, i, o, u, kwa wanasarufi wa Kiarabu ni mabadiliko ya mwisho wa neno kulingana na kazi yake katika sentensi, yaani lile jambo hasa linalowatoa wanafunzi jasho. Na kitabu, ambacho Waswahili walikiona kina ki- mwanzoni wakakipa wingi wa vitabu, huko kwao wingi wake ni kutub. Wingi wa namna hii, unaovunja neno katikati, hauna kanuni moja. Hukaririwa pamoja na neno lenyewe.

Kisha kuna jinsia. Kiarabu hakina yeye. Kina huwa kwa mwanamume na hiya kwa mwanamke, na kitenzi hufuata: dhahaba alikwenda yeye mwanamume, dhahabat alikwenda yeye mwanamke. Kuna na umbo la watu wawili, mbali na mmoja na wengi. Mtu aliyekulia katika lugha ambayo “amekuja” humtosha baba, mama, shangazi na mbuzi, hapa ndipo anapoanza kuona uzito wa mzigo.

Piga, piga, piga

Sasa Kiajemi, au Kifarsi kama wengine wanavyokiita. Majina yote mawili yana alama ya Mwarabu: ajemi ni neno la Waarabu kwa asiye Mwarabu, na Kifarsi kilikuwa Kiparsi hadi kilipopita katika lugha isiyo na herufi ya p.

Kiajemi hakina jinsia. Yeye ni u, akiwa mwanamume au mwanamke. Hakina umbo la wawili. Wingi wake kwa kawaida ni kuongeza -ha: ketab, ketabha. Lakini kinachomshangaza Mswahili zaidi ni kitenzi zadan, maana yake kupiga. Mwajemi akitaka kutumia simu, hupiga: zang zadan, kupiga kengele. Akishangilia, hupiga mkono, dast zadan, kama sisi tunavyopiga makofi. Akipaza sauti hupiga ukelele, dad zadan. Akizungumza hupiga maneno, harf zadan, ambako sisi tungepiga soga. Na asubuhi, kabla ya chai, hufanya mesvak zadan. Ni kupiga mswaki, neno kwa neno, kwa nomino ile ile ya Kiarabu iliyoingia katika lugha zote mbili. Mwarabu mwenye nomino yake husema tu kwamba anasafisha meno.

Mfano mwingine uko kwenye pasipoti. Jina rasmi la Iran kwa Kiajemi ni Jomhuri-ye Eslami-ye Iran. Liweke juu ya Jamhuri ya Kiislamu ya Iran, na kila kipande kinakaa juu ya mwenzake, mpaka zile “ye” mbili juu ya “ya” mbili. Kiunganishi hicho, ezafe, ndicho kinachoendesha Kiajemi kizima: kitabu cha mwalimu ni ketab-e moallem, kitabu kikubwa ni ketab-e bozorg. Kinachomilikiwa hutangulia, mwenye mali hufuata, na sifa hukaa nyuma ya nomino kama katika Kiswahili. Kiarabu cha jina hilo hilo ni al-Jumhuriyya al-Islamiyya al-Iraniyya: kila neno lina al- yake, na kila sifa imevaa alama ya kike kwa sababu jamhuri ni ya kike.

Mfanano huu wa “ye” na “ya” ni sadfa. “Ya” ya Kiswahili ni ya Kibantu, ukoo mmoja na viunganishi vya Kizulu kinachozungumzwa nje ya dirisha lile lile la Bertrams. Lakini faida ya anayejifunza haipungui kwa sababu jambo ni la sadfa. Sikio lake tayari limezoea mpangilio.

Tofauti kubwa iko mwisho wa sentensi. Kiajemi hupeleka kitenzi nyuma kabisa: mimi kitabu nasoma, yeye simu anapiga. Kwa mtu mzima hili huchukua majuma kadhaa kuzoeleka. Baada ya hapo kitenzi kina shina la sasa na shina la wakati uliopita, na viambishi vya nafsi ambavyo havitofautiani kwa jinsia. Ukanushi ni kuweka na- au ne- mwanzoni: miravam, naenda, nemiravam, siendi.

Na yale maneno ya Kiarabu je, mtu akichagua Kiajemi anayapoteza? Hapana. Waajemi waliyapokea kwa maelfu baada ya Uislamu kufika kwao katika karne ya 7, kwa hiyo Mswahili anayakuta yakimsubiri: khabar, vaght kwa wakati, hesab, ketab, daghighe kwa dakika, donya, fekr. Punguzo alilopewa na Kiarabu linafanya kazi katika maduka yote mawili. Inabidi tu awe macho, kwa kuwa maneno huhama na maana. Enghelab kwa Muirani ni mapinduzi ya umma kama ya 1979. Inqilab kwa Mwarabu wa leo ni wanajeshi kuteka ikulu. Mapinduzi ya umma yeye huita thawra. Mswahili ndiye pekee kati ya hao watatu anayeyaita yote mapinduzi.

Masomo ya sauti

Ulimi wa mtu mzima ni mgumu kuliko wa mtoto, na hapo Kiarabu hudai zaidi. Kina sauti za kooni na herufi nzito ambazo Kiswahili kilizilainisha zamani: Ali ameshapoteza ile ain ya mwanzo, na sadaka na sabuni hutamkwa kwa s ya kawaida. Mtu wa pwani, anayetofautisha th na s, dh na z, kh na h, yuko mbele hatua kadhaa. Mkongo anayesema zahabu na kuhesabu makumi mbili badala ya ishirini, ana safari ndefu zaidi.

Lakini huyo huyo Mkongo akihamia Kiajemi atajikuta nyumbani. Waajemi wana herufi nne tofauti zilizotoka kwa Waarabu, na zote wanazitamka z. Ramadhani kwao ni Ramazan, na dhahabu ya Kiarabu wao huisoma zahab. Raha ya kutamka hulipiwa kwenye imla: mwanafunzi husikia z, kisha hujiuliza aandike ipi kati ya nne, au s ipi kati ya tatu.

Irabu fupi haziandikwi katika maandishi ya kawaida ya lugha yoyote kati ya hizi mbili. Kwa msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kwamba kila kinachotamkwa kimeandikwa, huu ni mshtuko. Aliyepita madrasa anajua herufi, lakini alizisoma kwenye Msahafu wenye fat-ha, kasra na dhumma. Akipewa gazeti la Cairo lisilo na alama hizo huona mifupa mitupu. Watu wengi wamehitimu juzuu thelathini bila kuweza kuagiza maji ya kunywa kwa Kiarabu. Hilo halipunguzi thamani ya walichosoma. Walisoma kwa ajili ya ibada, na kuzungumza ni fani nyingine.

Kiarabu kipi?

Anayechagua Kiarabu bado hajamaliza kuchagua. Fus-ha, Kiarabu sanifu cha vitabu, hotuba na taarifa ya habari, hakuna anayekinyonya kwa mama yake. Mtoto hukulia katika lahaja. Neno dogo kama “nataka” ni uridu katika fus-ha, ayiz Cairo, biddi Damascus na Beirut, bghit Morocco, na abgha sehemu nyingi za Ghuba. Mwanafunzi aliyekamilisha kitabu cha fus-ha huweza kusikiliza habari za redio akaelewa, kisha akaingia kwenye mgahawa wa Wamisri akaona amefundishwa lugha nyingine.

Kiajemi nacho kina sura zake, ila umbali ni mdogo. Cha Iran, Kidari cha Afghanistan na Kitajiki cha Tajikistan husikilizana kwa kiasi kikubwa, ingawa Watajiki huandika kwa herufi za Kirusi. Mtaani Tehran jina la jiji huwa Tehrun, mkate ambao ni nan huwa nun, na miravam hufupishwa kuwa miram. Ni tofauti ya mtu na nguo zake za kazini. Sura ni ile ile.

Ndiyo maana Foreign Service Institute, chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, hukadiria saa 2,200 za darasani kwa Kiarabu na 1,100 kwa Kiajemi ili mtu afikie kiwango cha kufanya kazi rasmi kwa lugha hiyo. Kiswahili wamekipa saa 900. Mtu wa Bertrams mwenye nusu saa kila siku, bila kukosa hata Jumapili, angemaliza saa 1,100 kwa miaka sita, na 2,200 kwa miaka kumi na miwili. Tarakimu hizo zinatisha, lakini zimepimwa kwa kichwa cha mwenye Kiingereza, asiyejua kitabu wala hakimu, na kwa lengo la kusoma mikataba. Mazungumzo ya sokoni huhitaji sehemu ndogo tu ya muda huo.

Utazungumza na nani?

Mpaka hapa Kiajemi kinaonekana kushinda kwa wepesi. Kinachokirudisha nyuma ni mtaa. Lugha ya mtu mzima hulishwa na watu, na ndani ya Johannesburg watu wa Kiarabu wanapatikana kwa nauli ya daladala moja, ambayo huku huitwa teksi. Fordsburg na Mayfair, magharibi ya katikati ya jiji, zina migahawa na maduka ya watu wa Misri na Sham, na Wasomali wengi ambao Kiarabu wamekigusa chuoni au Ghuba. Katikati ya jiji uko Msikiti wa Ijumaa wa Kerk Street. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, ambacho husomesha kwa masafa, kina masomo ya Kiarabu. Vile vitabu vya Madina vya V. Abdur Rahim, vinavyoanza na “hiki ni nini? hii ni nyumba”, vinajulikana katika madrasa za dunia nzima, na kwa anayejisomea chumbani Bertrams ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuna na mkate. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaokwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Oman, Qatar na Falme za Kiarabu huhitaji Kiarabu siku ya kwanza, na kinachohitajika jikoni na kwenye gari ni lahaja ya Ghuba kuliko fus-ha. Kiarabu ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa tangu 1973 na ya Umoja wa Afrika, ambako hukaa meza moja na Kiswahili.

Kwa Kiajemi, Johannesburg ina historia kuliko majirani. Reza Shah Pahlavi, aliyeng'olewa kwenye kiti chake na Waingereza na Warusi mwaka 1941, alipelekwa Mauritius kisha Johannesburg, na humu ndimo alimofia tarehe 26 Julai 1944. Maiti yake iliwekwa Cairo, katika Msikiti wa al-Rifai, hadi iliporudishwa Iran mwaka 1950: mfalme wa Kiajemi aliyefia mji wa dhahabu na kulala miaka kwa Waarabu. Siku hizi kampuni ya simu ya MTN, yenye makao yake makuu Johannesburg, inamiliki asilimia 49 ya Irancell. Na ni Sandton, kaskazini ya jiji, ambako mkutano wa BRICS wa Agosti 2023 uliialika Iran pamoja na Misri, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Mambo hayo huwapa kazi wanasheria na wakalimani wachache. Hayamletei mtu wa Derby Road jirani wa kupiga naye soga jioni.

Afrika Mashariki hali ni tofauti kidogo. Dar es Salaam na Nairobi kuna vituo vya utamaduni vya Iran, na Redio Tehran ina idhaa ya Kiswahili. Kampala kuna hekalu la Wabahai lililofunguliwa 1961, la dini ambayo maandiko yake ya msingi yako katika lugha hizi mbili hasa, Kiajemi na Kiarabu. Wengine huvutwa na mashairi: Saadi na Hafez wote ni watu wa Shiraz, na hakuna jina la mji wa kigeni linalowagusa watu wa pwani kama hilo.

Shiraz ya nyumbani

Waswahili wengi wa Unguja, Pemba na Kilwa hujiita Washirazi, na hadithi ya Kilwa humtaja mwana wa sultani wa Shiraz aliyekuja na majahazi. Wanahistoria wa karne iliyopita waliitilia shaka, wakiona ni fahari iliyotungwa baadaye. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili kati ya miaka 1250 na 1800 hivi. Wengi walikuwa na nasaba ya Kiafrika kwa upande wa mama, na kwa upande wa baba nasaba ya Asia iliyofanana zaidi na Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Baada ya 1500 hivi, damu mpya iliyoingia ilitoka zaidi Uarabuni.

Lugha haikufuata damu. Maneno ya Kiarabu katika Kiswahili ni mengi mno. Ya Kiajemi ni machache, na baadhi yalipitia kwa Waarabu au Wahindi. Lakini tazama yalipokaa: bandari, nahodha, serikali, bustani, pamba, rangi, pilau, darubini, bahati. Ni msamiati wa watu waliokuja kwa bahari, wakatia nanga, wakapika. Kila Julai watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa, wakapigana kwa migomba na kuchoma kibanda. Jina la zamani la siku hiyo ni Nairuzi, yaani Nowruz, mwaka mpya wa Waajemi. Iran huuadhimisha Machi. Ile ya pwani ilihesabiwa kwa mwaka wa siku 365 kamili, bila siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, ndiyo maana ikawa inateleza ndani ya kalenda hadi ikaangukia kipupwe.

Njia ya kujaribu

Kwa mtu wa Bertrams, hesabu inaweza kufanywa hivi. Anayetaka kuelewa anachosoma kwenye sala, au anayetafuta kazi Ghuba, au anayetaka kuzungumza wiki hii na mtu wa kando, achukue Kiarabu. Na kama ni Ghuba, atafute mtu wa Ghuba badala ya kitabu peke yake. Mwenye ndoa, rafiki au biashara na Muirani au Mwafghani, anayependa ushairi au filamu za Iran, na anayetaka kuanza kutunga sentensi sahihi mapema bila kuhofia jinsia ya meza, achukue Kiajemi, akijua kwamba wenzake wengi atawapata kwenye simu.

Asiyeweza kuamua anaweza kuanza na kilicho cha wote, yaani hati. Kiarabu kina herufi 28. Kiajemi kina hizo hizo na nne zaidi: p, ch, zh na g. Zimetengenezwa kwa kuongeza nukta au mstari kwenye herufi zilizokuwapo. B ina nukta moja chini, p ina tatu. Baadhi ya waandishi wa kale wa Kiswahili walioandika kwa hati ya Kiarabu walizikopa pia, kwa kuwa bila hizo pwani na chai ni kazi kuandika.

Zoezi la jioni ya kwanza halihitaji zaidi ya daftari na kalamu ya risasi. Mwanafunzi aandike Bertrams, na itaandikika sawa katika lugha zote mbili. Aandike Pretoria, mji wa jirani: Mwarabu ataanza na b, Mwajemi na p yenye nukta zake tatu. Kisha aandike Johannesburg. Mwarabu huanza na jim, ile ya jumatatu, na kumalizia na ghain, ile ya ghali. Mwajemi huanza na zh na kumalizia na g, herufi mbili kati ya zile nne za nyongeza katika neno moja, na baina ya hizo mbili hakuna herufi hata moja ambayo aliyepita madrasa haijui.